Bado Kidogo

Mama aliyekuwa ameketi kwenye kigoda, mkungu wa ndizi ubavuni mwake, ndiye aliyeanza. "Pole baba, kaza. Bado kidogo." Nilikuwa nimeingia kilomita ya 23, jua limeshapanda, napandisha barabara ya Mweka juu ya mji wa Moshi, na mbele yangu zilikuwa zimebaki kilomita 19 na ushee. Hatua mia mbili baadaye vijana wawili waliokaa juu ya pikipiki iliyozimwa wakaniambia hilohilo. Kisha mtoto wa chekechea, ambaye pengine alijifunza maneno hayo asubuhi ileile, akaninyooshea kiganja nikipige huku akipaza sauti: "Bado kidogo!" Nikakipiga. Ningefanya nini?

Kiswahili chetu kina huruma kwenye mambo ya umbali. Uliza njia kijijini, utaambiwa ni hapo tu, ukishavuka mto. Mto wenyewe utauvuka jioni. Aliyekuelekeza hakukudanganya. Amekutazama miguu, akaona vumbi, akakupa jibu la kukufanya uendelee kutembea. Tatizo langu lilikuwa saa ya mkononi. Yenyewe ilinihesabia kila mita bila huruma yoyote, na muda mfupi kabla ya hapo ilikuwa imenijulisha kwamba nimevuka mpaka: kwenye mashindano sijawahi kukimbia hata hatua moja zaidi ya nusu marathoni.

Nimeshakimbia nusu marathoni nne, zote Dar es Salaam, kwenye lami tambarare yenye upepo wa bahari. Muda wangu bora ni saa 1 na dakika 58. Kwa mtu wa miaka 44 anayekula mkate wake akiwa amekaa mbele ya meza ya uhariri, nilijiona si haba. Ndipo nikapiga hesabu ya kitoto: saa mbili mara mbili ni saa nne, ongeza nusu saa ya uchovu, basi saa nne na nusu. Nikalipia namba ya marathoni kamili ya Kilimanjaro.

Mzee mmoja wa kikundi chetu cha mbio, mstaafu wa bandarini ambaye ameshamaliza marathoni nyingi kuliko vidole vya mkono mmoja, aliposikia hesabu hiyo alicheka hadi akakohoa. "Mwanangu," akasema, "nusu marathoni siyo nusu ya kitu chochote. Ni mbio yake yenyewe. Hiyo unayokwenda kuikimbia hujawahi kuionja hata robo."

Nilimwitikia kwa adabu, "Ndiyo, mzee," na moyoni nikaendelea na hesabu yangu.

Tuseme ukweli kuhusu nilikotokea. Kizazi changu kilijua mbio kama mchakamchaka. Alfajiri shuleni, miguu mitupu, tunaimba kwa kupokezana, na mwalimu wa zamu yuko nyuma ya mstari na fimbo yake kuhakikisha hakuna anayejifanya ana kichomi. Baada ya darasa la saba nilidhani nimeachana na adha hiyo milele. Miaka ishirini na mitano baadaye jirani alinialika kwenye kikundi cha jogging cha mtaani: fulana za rangi moja, nyimbo, filimbi, barabara imezibwa, madereva wanasonya. Nilijiunga kwa ajili ya supu. Kila Jumamosi, baada ya kilomita tano za kelele, wanachama huishia kwenye supu ya mbuzi na chapati, na nakiri kuwa kwa miezi kadhaa nilirudisha kwa kijiko kila nilichokipoteza kwa jasho. Lakini mwili ni kama mgeni: ukimzoesha kitu, siku usipompa atakuuliza. Kilomita tano zikawa kumi, kumi zikawa ishirini na moja.

Kwa nini basi 42, tena 42 na mita 195? Swali hilo nilijiuliza kwa hasira baadaye, lakini jibu lake nililijua tangu mwanzo. Michezo ya Olimpiki ya kisasa ilipoanza Athens mwaka 1896, mbio hii ilikuwa ya takriban kilomita 40. Mwaka 1908 London ikaandaa Michezo; Waingereza wakaanzishia mbio kwenye kasri la Windsor na kuzimalizia ndani ya uwanja, mbele ya jukwaa la familia ya kifalme. Ukipima njia hiyo unapata kilomita 42.195. Mwaka 1921 shirikisho la riadha la dunia likaamua kwamba huo ndio utakuwa urefu rasmi. Kwa hiyo mtu anayekokota miguu yake Moshi leo, akishafika kilomita ya 40 na kuona kwamba bado, ana haki ya kuelekeza lawama zake kwenye kasri la Windsor.

Maandalizi yalichukua wiki kumi na sita. Siwezi kuyasimulia yote, na mengi hayana mvuto: unatoka, unakimbia, unarudi, unafua soksi. Kiini chake ni mbio moja ndefu kila Jumapili alfajiri, inayoongezwa kidogokidogo. Nilianza na 18, nikaenda 20, 22, kisha wiki moja ya kupunguza ili mwili ujikarabati, halafu 25, 28, hadi 32. Na hapo unaacha. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote. Wengi wetu wa ridhaa hatukimbii kilomita 42 mazoezini hata siku moja, kwa sababu gharama ya kupona ni kubwa kuliko faida. Mwanafunzi wa udereva anazungushwa barabara zote za mji kabla ya mtihani. Mkimbiaji wa marathoni ya kwanza anapewa kilomita kumi za mwisho siku ya mtihani wenyewe, tena akiwa amechoka.

Dar es Salaam ya saa kumi na moja alfajiri ina wenyewe. Wapo wauza magazeti, wavuvi wanaopita na ndoo, walinzi waliojifunika makoti utadhani wako Njombe, na mbwa wa Masaki ambao wana maoni yao kuhusu watu wanaokimbia bila kufukuzwa. Nilikuwa napita Coco Beach, napanda Daraja la Tanzanite wakati anga linaanza kupauka, nashuka hadi Barabara ya Barack Obama, nageuza. Januari joto la Dar haliishi hata usiku. Jasho halikauki, linatiririka tu, na jasho linalotiririka bila kukauka halikupoozi. Ukitazama nyuma unaona alama za viatu vilivyolowa, kana kwamba umetoka kuvuka mfereji.

Siku ya kilomita 28 nilifanya ujinga. Niliondoka na kikombe cha chai ya rangi tumboni, bila kitafunwa, nikijiambia kwamba mwili una akiba ya kutosha. Kitambi changu kilikuwa shahidi. Hadi kilomita ya 20 nilikuwa najisikia bingwa. Kilomita ya 24, maeneo ya Mwenge, dunia ilianza kwenda pole. Sikuwa na maumivu popote. Nilikuwa tu sina kitu, kama simu iliyoonyesha asilimia kumi na tano ikazima papo hapo. Nilikaa kwenye ukingo wa mtaro. Kijana wa bodaboda akasimama, akanitazama, akauliza, "Bro, umeibiwa?" Alinirudisha nyumbani kwa mkopo, nimeshika viatu mkononi, na mke wangu alipofungua geti hakuuliza chochote. Alikwenda kuleta uji.

Jioni ile nilisoma kuhusu kilichonitokea. Ini na misuli huhifadhi sukari inayoitwa glaikojeni, na kwa mtu wa kawaida akiba hiyo ina thamani ya kalori kama 2,000. Kukimbia kunagharimu takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Mimi nina kilo 76. Gawanya, utaona kwamba kama ningetegemea sukari pekee, ghala lingekauka karibu na kilomita ya 26. Kinachomvusha mtu hadi 30 au 35 ni mafuta ya mwilini, ambayo hata mtu mwembamba anayo ya kumfikisha mbali sana. Lakini mafuta huungua taratibu na yanadai oksijeni nyingi zaidi. Ukienda kasi, mwili unachukua sukari kwa sababu iko karibu. Ukienda taratibu, unachanganya na mafuta, sukari inakaa. Bibi yangu, ambaye hakuwahi kusikia neno glaikojeni, alikuwa akisema polepole ndio mwendo. Nilikuwa nadhani ni adabu ya wazee. Kumbe alikuwa anaelezea matumizi ya mafuta.

Tangu siku ile nilikuwa nabeba chakula. Wapo wanaonunua jeli za vifuko, na kama mfuko unaruhusu sina neno. Mimi nilibaki na tende, viazi vitamu vya kuchemsha vilivyokatwa vipande na kutiwa chumvi, na kashata za karanga. Kashata ina sukari, ina chumvi kidogo ukiipata ya mpishi mwenye akili, na inakaa mfukoni bila kulalamika. Njiani nilikuwa na muuza madafu wangu. Dafu linatuliza kiu na lina potasiamu tele, ila tusilisifu kupita kiasi: jasho la mtu ni chumvi ya sodiamu zaidi, na sodiamu ya dafu ni kidogo. Chumvi ya viazi ilikuwa na kazi yake.

Na maji? Tulikuzwa tukiambiwa tunywe mengi kadiri tuwezavyo. Siku hizi madaktari wa michezo wanaonya pia kinyume chake. Mkimbiaji wa polepole anayesimama kila kituo na kujaza tumbo kwa saa tano anaweza kuizimua damu yake hadi sodiamu ikashuka kiasi cha kuhatarisha maisha. Ushauri wa wengi wao sasa ni rahisi hadi unaona aibu kuuandika: kunywa ukiwa na kiu.

Viatu nitavipitia haraka. Raba za mtumba zinaweza kuwa nzuri kwa macho na zimekufa ndani, sponji imeshalala haiinuki tena. Nilipata jozi mpya, nusu saizi kubwa zaidi, kwa sababu mguu huvimba ukikimbia kwa saa nyingi. Pamoja na hayo kucha mbili zilikuwa nyeusi kabla hata sijafika Moshi. Na mwanamume yeyote anayefikiria umbali huu, ajipake mafuta ya mgando kwenye chuchu. Sitaeleza zaidi. Nilijua sababu yake bafuni, maji yalipogusa.

Moshi mwishoni mwa Februari ni mji wenye mambo mawili, joto la kabla ya masika na wageni. Nyumba za kulala wageni zimejaa, kila meza ya mgahawa ina mtu anayemweleza mwenzake habari za goti. Usiku wa kuamkia mbio nilikula machalari hadi mhudumu akaniuliza kama nina safari. Sikulala. Mzee wa bandarini alikuwa ameniambia usingizi wa muhimu ni wa usiku wa kabla ya huo, kwa hiyo nilikodoa macho dirishani nikiwa na amani kiasi.

Kulipoanza kupambazuka Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilikuwa wazi juu ya uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, nyeupe juu, bluu chini, kabla mawingu hayajaja kuifunika kama yafanyavyo siku nyingi. Watu wengi walikuwa wanaipiga picha. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya choo. Hilo pia hamwambiwi: watu wote wa marathoni, mabingwa na sisi makapi, hukutana kwenye foleni ya choo, na ndipo mahali pekee ambapo unaweza kuwa mbele ya mtu wa saa mbili na dakika kumi.

Mbio hizi zimekuwa zikikimbiwa hapa tangu 2003, na njia tuliyopewa ina hila. Nusu ya kwanza inakuzungusha mjini kisha inakutoa kwenye barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam, kuelekea Kiboriloni, unageuza, unarudi. Inakaribia kuwa tambarare. Nusu ya pili ndiyo inayopanda mlima. Yaani mahali ambapo mwili wa mkimbiaji wa nusu marathoni unazoea kuvishwa medali na kupewa soda, hapo hapo barabara inainuka na kukuchukua kama mita 300 juu kupitia vihamba vya migomba na kahawa, hadi karibu na mita 1,150 kutoka usawa wa bahari, ndipo inakuachia. Aliyeichora njia hii ama alikuwa mkatili ama alikuwa mwalimu.

Nilianza kwa ubahili. Kila aliyenipita nilimwacha, pamoja na kijana aliyevaa kandambili na bwana mmoja aliyejifunga bendera mabegani. Kwenye barabara kuu tulikutana na waliotangulia wakirudi, na hapo nilisahau saa yangu. Unapowaona kwenye televisheni wanaonekana kama wanatembea haraka. Ukisimama mita mbili kutoka kwao unasikia. Hakuna kishindo, ni mguso tu, tap tap tap, na upepo kidogo wanapopita. Sote tuliokuwa tunakwenda tukawapigia makofi, tukapoteza pumzi ambazo hatukuwa nazo.

Watu wale wako kwenye kazi nyingine kabisa. Mtanzania Juma Ikangaa alikimbia Boston mwaka 1988 akashindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja. Akarudi 1989, wa pili. Akarudi 1990, wa pili. Katikati akaenda New York Novemba 1989 na kushinda kwa saa 2:08:01. Na Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48, baada ya kilomita 42. Mashine ikawatenganisha kwa sehemu tatu za mia za sekunde, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha. Kope moja haijafumba ndani ya muda huo. Mimi nilitumia muda mrefu zaidi kufungua kashata.

Lakini njiani sikuwa nawaza dhahabu. Nilikuwa namuwaza John Stephen Akhwari. Sote tumesimuliwa habari zake shuleni: Mexico City, 1968, mwanariadha kutoka Mbulu anaanguka, goti linaumia, anafungwa bandeji, anaendelea, anaingia uwanjani giza limeshatanda na wengi wameondoka, zaidi ya saa moja baada ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia. Alikuwa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Simulizi hiyo imegeuzwa mawaidha kiasi kwamba tumesahau kutazama saa yake. Akhwari alimaliza kwa saa 3 na dakika 25. Katika mji ulio juu zaidi ya mita 2,200. Kwa goti lililoharibika. Nimefanya hesabu: aliyeshika mkia kwa mguu mmoja alinishinda mimi, mwenye magoti yote mawili, kwa saa moja na dakika 46.

Nusu ya njia niliivuka kwa saa 2 na dakika 20, nikiwa nimeshikilia mpango barabara. Kisha mlima.

Kupanda kwenyewe hakukuwa kubaya kama nilivyoogopa. Migomba inatoa kivuli cha vipandevipande. Unakimbia kutoka kivuli hadi kivuli kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Kanisa lilikuwa limetoka na waumini waliovaa vizuri walisimama kando wakitutazama kwa mchanganyiko wa heshima na wasiwasi. Mabinti wa sekondari walikuwa na ndoo na vikombe. Bibi mmoja alisimama langoni kwake, mikono nyuma, akamwambia kila aliyepita, mmoja mmoja, "Pole mbe," kwa upole ule wa msibani. Na "bado kidogo" ilikuwa kila kona. Kilomita ya 25 bado kidogo. Kilomita ya 28 bado kidogo. Mkimbiaji mmoja mbele yangu, kwa lafudhi ya Nairobi, alishindwa kuvumilia: "Kidogo ngapi, mathe?" Yule mama akafikiri kwa makini, akajibu, "Kidogo tu."

Pale ndipo nilipoanza kuielewa kauli hiyo. Ikisemwa kwa mtu anayepanda, "bado kidogo" hubeba mawili: kuna iliyobaki, na iliyobaki inawezekana. Haina kilomita ndani yake. Saa yangu ilikuwa na kilomita tu, haikuwa na lingine.

Nilifika kwenye mgeuko nikitembea na kukimbia kwa zamu. Kilomita 32, saa 3 na dakika 52. Kutoka hapo kila hatua ni ardhi ambayo sijawahi kuikanyaga, si mashindanoni wala mazoezini. Nikatazama chini: mteremko mtupu hadi mjini. Nikacheka kwa sauti. Nilidhani nimelipwa.

Mteremko ni mkopo wenye riba. Ukipanda, misuli ya paja hujikunja ikisukuma. Ukishuka, inalazimika kunyooka huku imebeba uzito wako wote, inafanya kazi ya breki, na kazi hiyo ndiyo inayoichana nyuzi zake ndogondogo. Hadi kilomita ya 34 nilikuwa nateleza. Ya 35 mapaja yalikuwa yanatetemeka kila mguu ukitua. Ya 36 kigimbi cha kushoto kilikaza ghafla kama kimeshikwa na mkono, nikajikuta nimekumbatia nguzo ya umeme, nimetoa ulimi.

Dada mmoja alisimama. Alikuwa amevaa hijabu na fulana ya mikono mirefu, na namba yake ilikuwa imekunjwa upande mmoja kwa jasho. Alinikamata mguu bila kuomba ruhusa, akausukuma unyayo wangu juu kuelekea kwenye goti, akanishikilia hivyo huku akiwatazama wanaopita. "Mara ya kwanza, kaka?" Nikatikisa kichwa kukubali. "Na mimi," akasema. "Twende tutembee hadi ule mwembe." Tukatembea hadi mwembe. Hapo mwanafunzi alikuwa anagawa vipande vya chungwa vilivyochovywa kwenye chumvi. Nimekula vitu vizuri maishani, nimealikwa kwenye harusi za watu wenye uwezo, lakini sijui kama kuna kilichonifikia kama lile chungwa.

Tulikwenda hivyo: mwembe, kibanda cha mpesa, kibao cha shule, tuta. Hatukuzungumza mengi. Aliniambia ni muuguzi wa zamu za usiku, kwamba alikuwa anafanya mazoezi saa mbili asubuhi akitoka kazini, kabla ya kulala. Nikaona aibu kwa wiki zangu kumi na sita za malalamiko. Kilomita ya 39 nguvu zikamrudia, sijui zilitoka wapi. Akanitazama kama anayeomba ruhusa. "Nenda, dada," nikamwambia. Akaenda. Sikumwona tena, na jina lake sikuliuliza.

Kilomita ya 40 nilisalimia kasri la Windsor kwa maneno ambayo gazeti hili halichapi.

Siwezi kudai kwamba niliingia uwanjani kwa kishindo. Niliingia kwa mwendo ambao mtoto wangu wa mwisho, aliyetazama video, aliuita "kutembea kwa kurukaruka". Saa 5 na dakika 11. Muziki ulikuwa mkubwa, watu wa mbio fupi walikuwa wameshanywa bia ya tatu, msichana akanivalisha medali akaniambia hongera bila kunitazama kwa sababu alikuwa anamwangalia aliyekuwa nyuma yangu, ambaye alikuwa anatapika. Nilitafuta mahali pa kukaa. Nilipapata. Kisha nikagundua kuwa sikufikiria nitasimamaje.

Simu ya kwanza ilikuwa ya mama, kutoka Tanga. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, umefika salama? Nimefika. Umemaliza? Nimemaliza, mama, zote arobaini na mbili. Akamshukuru Mungu, akanyamaza kidogo, kisha akauliza lile ambalo kila mtu aliniuliza wiki nzima, kuanzia mlinzi wa ofisini hadi mhariri wangu: "Sasa, umekuwa wa ngapi?"

Asubuhi iliyofuata nilishuka ngazi za nyumba ya wageni kinyumenyume, nimeshikilia ukuta, huku mhudumu wa usafi akinisubiri chini na ndoo yake bila kusema neno, alishaona wengine. Kondakta wa basi alinipakia kama gunia. Nikakaa dirishani. Pembeni yangu alikaa mama mtu mzima mwenye kikapu cha parachichi, nikamwamkia, akaitikia. Basi likatoka stendi, likashika barabara ya Dar es Salaam, na ile njia ya Kiboriloni iliyonimeza muda wote ule jana ikapita dirishani kabla sijamaliza kufungua chupa ya maji.

"Mwanangu," mama akaniuliza, "mimi nashukia Himo. Bado sana?"

Nikatazama saa ya mkononi, kwa mazoea. "Kama kilomita ishirini hivi, mama."

"Aa," akasema, akaegemeza kichwa kwenye kiti na kufumba macho. "Basi bado kidogo."